Kupandia Mlangoni

Njuguna wa Kiamunyi alikuwa fundi wa vitu vya watu wote isipokuwa vyake. Redio ya jirani ililetwa kwake asubuhi ikiwa bubu, na kufikia saa sita ilikuwa inaimba. Lakini pikipiki yake mwenyewe, nyekundu iliyofifia hadi ikafanana na tofali, ilikuwa na miaka miwili haiwaki kwa mguu. Ukikanyaga kiki, kile chuma cha kuwashia, kilishuka chini bila uzito wowote, na injini haina habari. Akiulizwa ataitengeneza lini, jibu lilikuwa moja tu: kesho.

Kwa miaka hiyo miwili, pikipiki iliwashwa na mikono ya mkewe, Wangare. Kila Jumapili alikunja mikono ya sweta, akaishika keria ya nyuma, akasukuma kutoka uani hadi pale mteremko unapoanzia. Hapo Njuguna aliachia klachi, injini ikakohoa, ikashika, naye akateremka nayo mbio hadi kwenye kinu cha posho, ambako ni tambarare, akamngoja bila kuthubutu kuizima. Kurudi juu kumchukua kulikuwa kumjaribu Mungu. Wangare alifuata kwa miguu, mkoba kwapani, akisalimia huyu na yule. Akifika kwenye kinu alitoa kitambaa mkobani, akainama, akapangusa vumbi la viatu, ndipo akapanda.

Njuguna aliyaona hayo yote kupitia kioo cha pikipiki, huku akijifanya anakagua petroli.

Kisha goti la Wangare likavimba. Daktari akasema mama huyu asisukume tena kitu chochote kizito. Wangare hakulalamika. Hajui kulalamika, na hilo ndilo lililomchoma mumewe zaidi. Siku ya Alhamisi, akichambua sukuma wiki, alisema tu:

"Baba Wangechi, hii Jumapili nitaenda na Natalie. Ako na nafasi kwa gari."

Wala haikuwa Jumapili hivi hivi. Wangare alikuwa amesoma mafunzo ya chama cha akina mama mwaka mzima, na siku hiyo angevishwa kilemba mbele ya kanisa lote. Sasa angefika akishuka kutoka gari la jirani, na mumewe awe nyuma huko, anatembea peke yake. Njuguna aliitikia "sawa", akatoka nje, akakaa juu ya jiwe la kufulia, akaikodolea macho pikipiki kama mtu waliyekosana naye. Alimpenda mwanamke huyo, jamani, na alikuwa amemgeuza punda.

Ijumaa asubuhi alikunja suruali akaanza kazi. Alifunga petroli, akamwaga oili kwenye sufuria kuukuu, akafungua boliti za ubavu wa kulia, akakigongagonga kifuniko kwa mpini wa nyundo hadi kikaachia. Vijana wa bodaboda pale stejini walikuwa wamemwambia tangu zamani kwamba shida ni springi, naye akaamini kwa sababu kuamini hakuna kazi. Springi aliikuta nzima kabisa. Alitoa klachi, akaisukuma kiki kwa mkono, polepole, akatazama. Gia ya kiki ilizunguka, ikagusa mwenzake, ikateleza. Meno yake yalikuwa yamelika hadi yakawa butu.

"Ngoja," Wangare alisema nyuma yake. Alikuwa ameleta sinia tupu la kuwekea chapati. "Kila kitu unatoa, weka hapa kwa laini. Ukichanganya, utaunda blenda."

Alijua anachosema. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amechagua maua katika shamba moja kule Naivasha, akiyapanga kwa urefu na kuyafunga kwa idadi, na macho yake hayakustaafu alipostaafu yeye.

Jioni Njuguna alirudi kutoka mjini na gia mpya imefungwa kwa gazeti. Kesho yake akachuchumaa aifunge. Wangare aliichukua mkononi mwake, akaiweka ubavuni mwa ile kuukuu, kidole kikapita jino baada ya jino, midomo ikichezacheza.

"Hii ya zamani ni ishirini na sita. Hii mpya ni ishirini na tano."

"Mama Wangechi, jino moja ni nini? Yule kijana wa duka amesema ni sawa tu."

"Kwani wewe umehesabu?"

Hakuwa amehesabu. Alihesabu sasa, akapata ishirini na tano. Akarudia kwa matumaini kidogo, akapata ishirini na tano.

"Maua ishirini kwa banchi," Wangare alisema. "Ukiweka kumi na tisa, boksi yote inarudishwa." Akaingia jikoni.

Akashuka tena mjini. Kijana wa duka aligeuza gia mkononi, akajikuna kichwa. "Pole mzee, hii ni ya modeli ingine. Ni mimi nimechanganya." Akampa nyingine, ya meno ishirini na sita. Alasiri nzima Njuguna alirudisha vitu akifuata sinia kinyumenyume, cha mwisho kwanza. Alipomaliza, sinia lilikuwa tupu, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika maisha yake ya ufundi. Siku zote kulibaki kitu cha kutia mfukoni. Alipaka gundi ya gasketi kwenye kingo za kifuniko, na gundi ilitaka kulala hadi asubuhi ndipo ikauke. Kwa hiyo hakuijaribu pikipiki.

Jumapili, akiwa ndani ya suti, alitia oili mpya, akaisimamisha pikipiki mbele ya mlango. Akakanyaga. Kiki ilimkatalia mguu, nzito, imeshika! Njuguna alitaka kucheka. Lakini injini haikuwaka. Akakanyaga tena, na tena, jasho likamtiririka hadi kwenye tai. Honi ya Natalie ikalia getini.

Wangare akatokea mlangoni, nguo nyeupe pe, mkoba mkononi. Njuguna hakuinua uso.

"Enda tu. Natalie anangoja."

"Baba Wangechi, umefungua petroli?"

Alikuwa ameifunga kwa mkono wake mwenyewe, Ijumaa. Akaigeuza koki, akakanyaga mara moja. Injini ikanguruma, kuku wakatawanyika ua mzima.

Wangare akaenda zake getini. Njuguna alimwona akiinama dirishani kwa Natalie na kusema jambo, Natalie akacheka, gari likaondoka likiwa na nafasi yake tupu. Wangare akarudi, akapanda juu ya kizingiti, akashika bega la mumewe, akakaa nyuma yake.

Njuguna alikuwa na neno la kuomba msamaha, alilolitayarisha tangu Alhamisi. "Mama Wangechi," alianza, kisha akahisi kitu laini kikitua begani. Kilikuwa kitambaa cha viatu.

"Shika, ujipanguse. Uko na oili mpaka kwa masikio. Mimi leo sina kazi nacho."

Njuguna alikipokea, akapangusa macho kwanza.