Magurudumu Juu ya Meko

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema, msomaji asije akanionea huruma bure. Hasira yangu huwaka upesi na kuzimika upesi, kisha nashangaa kuona wenzangu bado wamenuna.

Mwaka ule, hata hivyo, nilikuwa mpole kuliko kawaida, kwa sababu nilikuwa naota. Nafundisha hisabati hapa Sumbawanga, nimepanga chumba mtaa wa Chanji, na nina baiskeli ya mbio, zile za tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za beberu. Jumamosi moja kila mwezi huipanda kwenda kwa mama yangu, upande wa Mwimbi. Naondoka kungali na ukungu, na kwa muda mrefu sisikii kitu ila mnyororo na upepo unaolaza nyasi. Unapanda kilima kirefu ukidhani juu yake kuna jambo, unafika, unakuta kilima kingine kimelala kule mbele, cha buluu, na wala huchukii. Mara nyingine nilifika kwa mama nisikumbuke nusu ya njia niliyopita.

Safari moja, pale lami inapoisha na vumbi kuanza, gurudumu la mbele liliingia shimoni. Ringi ikapinda, spoki zikakatika, nami nikatua kwa kidevu. Nilifika nikisukuma baiskeli, shati limejaa damu. Mama alinisafisha kidonda, na alipomaliza akasema, "Baba, tafuta magurudumu yasiyovunjika. Ukikosa, usije tena na hicho kidude. Panda basi."

Mama ni mjane, na katika watoto wake mimi ndiye niliyebaki karibu. Najijua: kwa basi ningekuja Krismasi na Pasaka tu, basi. Yeye naye ananijua. Kwa hiyo magurudumu yale hayakuwa pambo. Ndiyo yangeamua kama mama atamwona mwanawe kila mwezi au la.

Ndoto ikaanza hapo. Nilisoma habari za magurudumu ya kaboni kwenye simu wakati wa mapumziko, chai ikipoa mbele yangu. Kaboni ni nyuzi nyeusi, nyembamba, zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi ngumu. Ni nyepesi, na ikitengenezwa vizuri hustahimili mashimo kuliko ringi niliyokuwa nayo. Picha zake zilinilevya, haki ya Mungu. Nilisahihisha madaftari, na kila duara mwanafunzi alilochora nikaliona lina spoki.

Aliyenirudisha duniani ni fundi baiskeli wa Chanji, mzee wa makamo mwenye vidole vinene visivyotoka grisi. Kazi yake ni kunyoosha magurudumu ya baiskeli zinazobeba magunia ya mahindi. "Mwalimu, kupaa waachie ndege," alinitania. Nikamwonyesha ringi niliyoipenda, pana ubavuni kama kiganja. Akatazama nje, vumbi lilikuwa linakimbia barabarani, akauliza, "Na upepo wa Julai ukiupiga huo ubavu? Hiyo si itakufikisha Zambia?"

Nilinuna, lakini alikuwa sahihi. Nikachagua ringi ya ubavu mfupi, yenye spoki nyingi, zile za kawaida zinazopatikana hata hapa kwetu. Habu ndiyo ilitugombanisha, yaani ile sehemu ya katikati inayozunguka kwenye ekseli. Mimi nilitaka habu iliyosifiwa kwa wepesi, iliyofungwa kwa vifaa vyake maalumu. Yeye alitaka jambo moja tu, ifunguke kwa spana zake na beringi zake zipatikane mjini. "Habu ya kudumu ni ile nitakayoifungua mimi," akasema. Niliondoka bila kuaga. Kesho yake nikarudi, nikamkubalia, na yeye akajifanya hakuona kwamba jana niliondoka vile.

Magurudumu niliyoagiza yalifika mwezi wa Juni, ndani ya boksi kubwa. Nilipoliinua nilidhani wamesahau kutia kitu. Nikalizungusha gurudumu la mbele kwa kidole kimoja nikalisikiliza, na lilizunguka mpaka nikasahau nilikuwa nasikiliza nini. Bahati mbaya nilikuwa nimeitwa mafunzoni nje ya mkoa kwa miezi miwili, na kufuli la chumba changu ni la kuombea dua. Nikapanda basi na boksi langu hadi kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo yasiyovunjika. Nitunzie vizuri, mama. Nataka yadumu."

Aliyapokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Niliporudi Agosti, sikuyaona chumbani wala sebuleni. Mama alinishika mkono, akanipeleka jikoni huku akitabasamu. Jiko letu ni nyumba ndogo ya udongo, na juu ya meko kuna uchaga, fito zilizopangwa na kukolezwa weusi na moshi wa miaka. Huko ndiko mama huweka vitu anavyotaka visife. Mbegu za mahindi huning'inia hapo zikiwa na maganda yake, na mbegu za ulezi hukaa kwenye vibuyu, wadudu wasizisogelee kwa sababu ya moshi. Mahindi yale ni ya punje ndogo, za njano iliyoiva. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, na tangu hapo hajawahi kupanda mbegu ya dukani. Sasa katikati ya mahindi yale yalikuwa yametundikwa magurudumu yangu, meusi, yameongezwa weusi.

Nilipanda juu ya kigoda nikayashusha. Ubavu wa ringi moja ulikuwa umevimba. Nikagonga kwa sarafu, upande mmoja ukalia vizuri, upande wa pili ukajibu kwa sauti iliyokufa. La pili nalo vivyo hivyo. Nikamuuliza alipika nini humu. Akasema wiki ya harusi ya jirani alipika pombe ya ulezi, moto ukawaka kutwa siku tatu. Gundi ilikuwa imelegea. Kaboni ikishaumia ndani haitoi taarifa, inakusubiri kwenye mteremko.

Hasira zikanipanda. Jamani, nilifoka! "Moto unaharibu, mama! Moshi unaharibu! Kitu cha maana hakiwekwi pale! Utaelewa lini?" Kuku waliokuwa mlangoni walitawanyika. Mama alisimama ameshika upande wa kitenge chake.

"Ulisema unataka yadumu," akasema.

"Basi ndiyo unayaweka motoni?"

Baada ya nusu saa nilikuwa nimeshapoa, nakula ugali wake na kumsimulia vioja vya mafunzoni, naye anacheka mahali pa kucheka. Nikadhani yameisha. Ndivyo tunavyodhani sisi wenye hasira fupi. Kwenye basi la kurudi nililala usingizi mzito, magurudumu miguuni, na dirishani uwanda ulipita wa njano tupu kwa mavuno yaliyokwisha.

Fundi wa Chanji alitazama ringi zile, akatikisa kichwa. Habu zilikuwa nzima, ila grisi tu ndiyo iliyokauka. Akazifungua kwa spana zake, akazisafisha, akazisukia ringi mpya za aluminiamu. Hakusema kwamba aliniambia, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Zikawa nzito kidogo, sawa, lakini zikavuka mashimo bila kulia.

Novemba, mawingu ya kwanza yalipoanza kusogea, nikaenda kwa mama kwa baiskeli. Safari ile niliiota mchana kweupe. Harufu ya udongo unaongoja mvua ilinifuata njia nzima, ng'ombe wa wafugaji walipita mbali wakielea kwenye ukungu, na nikawaza kwamba nitakuja hivi kila mwezi mpaka nizeeke. Mama alitoka nje, akayapapasa magurudumu. Akacheka kwa furaha kabisa.

Shamba lilikuwa tayari, matuta yamegeuzwa. Akaniambia, "Niletee mbegu, zipo chumbani kwangu, nyuma ya kitanda."

"Chumbani?"

"Nilizishusha zote."

Nilipoushika mfuko ulikuwa mwepesi. Niliutoa hadi uani, nikaufungua, na unga ukanirukia usoni. Dumuzi walikuwa wamekula karibu kila kitu. Punje zilikuwa na matundu, nyingine nikizigusa zinavunjika kuwa vumbi. Mbegu za ulezi zilikuwa na uvundo. Mama aliinama, akachota mkononi, akaacha zimwagike polepole.

"Sijui nimekosea wapi," akasema. "Labda sikuyakausha vizuri."

Nilitamani ardhi inimeze. "Hukukosea, mama. Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema moto unaharibu."

"Wewe ni mwalimu," akasema bila uchungu wowote, na huo ukosefu wa uchungu ndio ulioniumiza. "Ukisema kitu, mimi nitabisha nini?"

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia kwamba nilikuwa nasemea ringi tu, kwamba uchaga wake haujawahi kuharibu mbegu hata mara moja, kwamba mjinga hapo alikuwa mmoja na ana baiskeli. Akanipigapiga begani, kama vile mimi ndiye niliyepoteza mbegu. Tukakaa chini uani, ungo katikati yetu, tukachagua punje nzima moja moja mpaka mchana ukapita. Vumbi la dumuzi lilitupanda mpaka kwenye nyusi. Mahindi aliyopewa na bibi yangu, yaliyopandwa miaka yote hiyo, yalijaa kikombe kimoja cha chai.

"Mvua ya kwanza hainaga uhakika," alisema. "Nitazipanda wiki ijayo." Akakishika kikombe kifuani, akatazama jikoni, akatazama chumbani, kisha akanitazama mimi. "Kwa sasa niziweke wapi?"

Mama yangu, aliyetunza mbegu kabla mimi sijazaliwa, alikuwa ananiuliza. Nilichukua kikombe, nikaingia jikoni, nikapanda juu ya kigoda na kukiweka uchagani, katikati, pale moshi unapopita. Yeye alisimama mlangoni akinitazama mpaka niliposhuka, kisha akaniuliza kama nina hakika.