Ufagio wa Bibi Inga

Nikinusa sufu iliyorowa, hata hapa Maskati ambapo sufu haina kazi, moyo wangu hupanda ngazi za nyumba yetu ya mbao katika mji mdogo wa bandari, kaskazini kabisa ya Norwei. Soksi zangu ziko juu ya jiko la kuni, zinatoa mvuke, na harufu yake imechanganyika na ya kahawa na ya samaki. Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Baada ya kuhangaika huku na kule, Baba, aliyekuwa fundi wa mitambo ya meli, alipata kazi ya kutengeneza injini za wavuvi wa huko. Watu wakisikia hivyo hunionea huruma, maskini mtoto wa karafuu kutupwa kwenye barafu! Huruma hiyo waiweke. Nilikuwa na miaka sita, na baridi ile niliipenda kama halwa.

Theluji ikianguka usiku, asubuhi mji mzima ulikuwa kimya, hata mbwa hawakusikika. Nilikwenda dukani kwa kuteleza na nikarudi nimepakiwa kwenye kigari cha kuteleza cha Bibi Inga, mjane aliyekaa chini yetu. Nyama tuliitundika nje ya dirisha na haikuoza. Miezi ile jua lilipogoma kabisa kuchomoza, adhuhuri mbingu ilikuwa buluu kwa kitambo kidogo, kisha kiza kikarudi, na mara nyingine mianga ya kijani ikacheza angani, nasi tukaitazama bila ya kiingilio. Tulilala sote watatu chini ya mfarishi mmoja wa manyoya. Na udi! Kwa kuwa madirisha hayafunguliwi, udi aliofukiza Mama siku ya Ijumaa ulinukia mpaka Jumatatu. Hilo ndilo jambo pekee la nchi ile alilolisifu.

Mengine yote aliyakataa. Kasha lake la Unguja lilikaa mlangoni na kufuli lake, nguo akizitoa moja moja, kama msafiri anayengoja kuitwa. Ramadhani ilipokaribia alimwambia Baba waziwazi: "Mie Sikukuu ikesha ntaondoka na mtoto. Nchi haina adhana, haina magharibi, mtu atafungua na nani? Nnakwambia mapema usije ukasema sikukwambia." Kazi ya Baba ilikuwa pale tu, wala hapakuwa na pengine pa kumpa kazi. Nami nilijua kwamba Sikukuu ile niliyoingoja kwa hamu ndiyo ingenitenga na baba yangu.

Kwa vile jua halikuwapo, Baba aliamua tufunge kwa saa za Unguja, na Mama akaitegemea saa yake ya ukutani ya kutia ufunguo. Siku moja, baada ya daku, Baba alikwenda kazini nasi tukarudi kulala. Mama alishtuka, akatazama nje, kiza. Akatazama saa: kumi na mbili na dakika zake. "Ewe Mola, tumelala mchana kutwa! Magharibi inatupita!" Akapasha moto tambi, akachemsha uji, akatia kaa na udi kwenye chetezo, huku akinung'unika kwamba baba yangu kachelewa na mitambo yake. Tulikula tende, tukanywa uji, na mimi nikajisifu kwamba saumu yangu ya kwanza ya kutwa nzima haikuniuma hata kidogo. Mara tukasikia vicheko njiani. Walikuwa watoto wa jirani, mabegi mgongoni, wanakwenda skuli.

Saa ilikuwa imesimama tangu alfajiri. Mama aliitazama, akaitazama sahani yake, akakaa chini akalia kwa kwikwi. Bibi Inga alisikia, akapanda na mkate wake wa moto kwapani. Kwa maneno machache tuliyokuwa nayo na kwa vidole, Mama alimweleza yote: tende, saa, kiza, na saa ngapi tunaacha kula na saa ngapi tunafungua. Bibi Inga hakucheka. Alishuka. Jioni, tukiwa tumekaa hatujui tuamini nini, chini ya miguu yetu pakagongwa: ko, ko, ko. Alikuwa anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Tangu siku hiyo aligonga wakati wa kuacha kula na wakati wa kufungua, mpaka mwezi ukesha, na hakukosea hata siku moja. Mwanamke wa kanisani, naye ndiye muadhini wetu.

Wakubwa walisema kweli, jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Asubuhi ya Sikukuu Mama alifungua kasha, akatoa kila kilichokuwamo, na kanga mpya kabisa akashuka nayo kwa Bibi Inga. "Nshapata wa kufungua naye," alimwambia Baba. Tulikaa mpaka mwaka wa sabini, milango ya Oman ilipotufungukia.

Sasa tuko Al Khuwair, hapa Maskati, Alhamdulillah, kiyoyozi kinaunguruma na magharibi adhana zinatufikia kutoka kila upande. Nnashukuru kwa yote. Lakini Mama, ambaye sasa ni mkongwe na mengi yamemtoka, hukaa na tende yake mkononi adhana zikisomwa mpaka zikesha, asiitie kinywani. Hunigeukia akaniuliza, "Inga keshagonga?" Nami nachukua ufagio nyuma ya mlango, nagonga sakafu, ko, ko, ko, na hapo mama yangu anasema Bismillahi.