Fundo la Ndama

Nilikuwa kijana wa karakana kwenye mashamba ya ngano ya serikali, na jamani, nilijiona! Ovaroli ya bluu, bisibisi mfukoni, basi nikadhani hakuna kazi duniani inayoweza kunishinda.

Pale Basotu kulikuwa na mzee mmoja aliyevusha watu na unga wao ziwani kwa boti ya mbao. Boti hiyo ndiyo ilikuwa shamba lake na ng'ombe wake. Hakuwa na kingine. Upepo ulikuwa ukiipigiza kwenye mawe ya kushukia, akaniomba matairi machakavu ya kuning'iniza ubavuni ili yapokee yale mapigo. Nikampatia manne ya pikipiki za mabwana shamba. Akasema kamba atafunga mwenyewe.

"Hapana, mzee, wewe kaa tu. Hii kazi ya mafundi."

Nikatoboa kila tairi kwa nondo ya moto, nikapitisha kamba ya katani, nikafunga kwenye ukingo wa boti. Lakini fundo nililolijua lilikuwa moja tu, lile la nyumbani Dongobesh tunalofungia ndama: ukivuta ncha mara moja linafyatuka, ndama anakwenda kunyonya. Zizini ni fundo zuri sana. Mzee alilishika, akalitazama. "Hili si litafunguka?" Nikamcheka. Nilimcheka kabisa, mtu wa umri wa baba yangu.

Siku ya tatu nilikuwa ukingoni mwa ziwa nikisubiri kuvuka. Boti ilikuja imejaa, upepo mkali. Ilipofika kwenye mawe, mama mmoja akainuka kushuka, akashika ncha ya kamba iliyokuwa inaning'inia ili asiyumbe. Fyatu! Tairi likaanguka majini, boti ikagonga jiwe kwa ubavu mtupu, ubao ukapasuka. Hakuna aliyeumia, lakini unga wote ulilowa, na akina mama wakaja juu: "Nani kafunga hizi kamba?"

Mzee alinitazama tu, akinipa nafasi. Nami nikasema, "Si mwenyewe kafunga? Uzee huo."

Watu wakacheka. Loo! Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Ubao aliuziba kwa wiki moja. Watu ndio hawakurudi. Walisema mzee amechoka, hata fundo limemshinda, wakawa wanazunguka ziwa kwa miguu na mizigo kichwani. Nilikuwa namwona amekaa kwenye boti tupu, matairi yote ameyafunga upya kwa mafundo ambayo hata fahali asingeyafungua.

Nikavumilia, nikashindwa. Mchana mmoja nikamfuata, nikahakikisha kwanza hakuna mtu, nikapiga goti. "Mzee, nisamehe. Nilikutia aibu."

Akaendelea kukaza kamba yake. "Uongo uliusema mbele ya watu," akasema. "Samahani mbona unaniletea nikiwa peke yangu?"

Nikamwambia kesho ni mnada, nitasema watu wote wakiwepo. Akaitikia, "Haya, mwanangu."

Mnadani nilifika. Watu walikuwepo, wale wale. Naye alikuwepo, amesimama mbele, amevaa shati safi. Nikanunua sukari, nikaondoka.