Kihenge cha Shangazi na Mtani Mwenye Daftari

Mahindi ya shangazi yangu wa Kigwa hayaliwi na dumuzi, wale wadudu wa ghalani. Dumuzi wa Uyui nzima wanalijua hilo. Wakifika kwenye kihenge chake cha nafaka wanasimama, wanatazamana, kisha wanaulizana njia ya kwa jirani. Kinachowafukuza ni unga wa majani makavu ya miti miwili, uliochanganywa na majivu, kazi aliyofundishwa na mama yake, ambaye naye alifundishwa na mama yake. Miti yenyewe sitaitaja, msinisumbue.

Mimi nauza dawa za dukani za kuhifadhi nafaka, pale mjini Tabora, jambo ambalo shangazi hajanisamehe. Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na mke, watoto watatu na mvi za kwanza, na tangu siku hiyo naamini hakuna karatasi ya kunishinda. Basi siku moja akaingia dukani mtu wa makamo, viatu safi, akasema ni mtaalamu kutoka Dar es Salaam na kampuni yake inatafuta njia za asili za kuzuia wadudu ghalani. Hakununua kitu. Alitaka maongezi tu, na mtu akitaka maongezi, kwangu amefika. Tuliongea habari za shangazi na kihenge chake mpaka tajiri wangu akakohoa mara tatu. Jumamosi nikawa ndani ya gari lake, tunaelekea Kigwa.

Njiani ndipo shaka iliponiingia. Mgeni wa kawaida huuliza kama bado ni mbali. Huyu aliuliza majina ya miti, mmoja mmoja, na kila nilipojibu alipunguza mwendo autazame mti wenyewe.

Tulimkuta shangazi anapepeta.

"Shikamoo, mama," mgeni akasema.

"Marahaba, baba. Mtu wa wapi wewe?"

"Mzaramo, mama."

Shangazi akaweka ungo chini. "Mzaramo, halafu unanisalimia kwa adabu? Unaumwa?"

Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani na kupokelewa huko kwa matusi. Mtani anaweza kuingia kwako, akachukua kuku, akaondoka, na wewe ukacheka. Ukikasirika, aibu ni yako.

Mgeni alilijua hilo kuliko sisi. Hakukaa hata dakika tano. Aliingia kwenye kibanda cha kihenge, akatungua kifuko cha ule unga kilichoning'inia mlangoni, akakitia mfukoni.

"Ninyi Wanyamwezi mlibeba mizigo mpaka migongo ikapinda," alisema. "Hiki nakusaidia kubeba mimi."

"Chukua, njaa wewe. Kwenu hamjui hata kulima."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mimi nilicheka nusu. Nilikuwa nimeona jinsi alivyokifunga kile kifuko kabla ya kukitia mfukoni: ndani ya mfuko wa plastiki wenye kibandiko, na kibandiko kilikuwa kimeshaandikwa "Kigwa" kabla hatujafika.

Kisha akatoa karatasi, kurasa nne za Kiingereza, shangazi aweke dole gumba, ni utaratibu tu. Nikaiomba niisome. Sidanganyi, Kiingereza kile kingemtoa jasho hata Mwingereza, lakini ukurasa wa tatu niliuelewa vizuri sana. Ulisema mtoa maarifa ametoa kwa hiari, bila madai, na kitakachopatikana ni mali ya kampuni.

"Imesemaje?" shangazi akauliza.

Nikamwambia. Aliinuka, akaenda kwenye gari lililokuwa wazi, akarudi na daftari la mgeni, akaketi kwenye kigoda na kulikalia.

"Mtani, nimechukua."

Mgeni akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Mama, hilo ni daftari la kazi."

"Na kile kifuko unadhani ni cha kuchezea? Kinalinda chakula changu."

"Basi tubadilishane."

"Utani hauna kubadilishana. Utani ni wa kucheka na kula. Unataka kwenda kuuza, toka kwenye utani. Njoo kama mgeni, na karatasi ya Kiswahili, na mwenyekiti wa kijiji awepo. Nasi tupate kilicho chetu."

Halafu akanipa daftari nilisome kwa sauti. Ukurasa wa kwanza niliyakuta maneno yangu mwenyewe: mti wa kwanza, mti wa pili, msimu wa kuchuma, yote niliyomwaga dukani. Hata chumvi niliyotia iliandikwa: "Inadaiwa mahindi hukaa miaka thelathini." Nikalifunga.

"Soma," shangazi akasema.

"Haya ni yangu, shangazi. Nilimwambia mimi."

Shangazi akalichukua daftari mkononi mwangu. "Kumbe mwizi ni wa nyumbani." Hakuwa anatania. Mimi si mtani wake.

Aliichana ile karatasi ya ukurasa wa kwanza, akaitia motoni ikaungua. Mgeni akarudisha kifuko, akapewa daftari lake. Alichokuwa nacho kichwani hakuna aliyeweza kukichoma.

Baada ya wiki tatu alirudi, safari hii na karatasi ya Kiswahili, mwenyekiti akiwa ameketi katikati. Iliandikwa jina la shangazi, la kijiji, na kwamba faida ikipatikana watagawana. Mwenyekiti akaridhika. Shangazi akauliza swali moja.

"Mkiuza huko mliko, mimi niliyeko Kigwa nitajuaje?"

"Mtapewa taarifa, mama."

"Na nani? Ameandikwa wapi?"

Mgeni akapekua karatasi, mbele, nyuma. Mtu huyo hakuwepo.

"Nendeni mkamwandike," shangazi akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Dole gumba hajaweka hadi leo. Mimi alinisamehe kwa masharti: nisipeleke mgeni Kigwa, hata mkwe. Juzi yule mtaalamu alinipigia simu. Aliulizia afya ya shangazi, kisha mvua, kisha, kwa sauti ya kupitisha muda, kama miti huko imeanza kuchipua. Ulimi uliniwasha, sikatai. Nikamwambia mimi ni muuza duka, miti akamuulize shangazi mwenyewe, mwenyekiti akiwepo. Akakata. Namba yake sijaifuta. Nataka niwe najua kama anapiga msimu wa kuchuma.