Namba Aliyoisoma Tusajigwe

Tusajigwe alipita dukani kwa Bi Wahiba kununua mkate tu. Ilikuwa Jumanne asubuhi, ana haraka ya kuwahi kazini, na kichwani hakuwa na jambo zito kuliko wagonjwa waliokuwa wakimsubiri maabara. Akamwamkia mwenye duka, akaitikiwa marahaba, akanyoosha mkono kuuchukua mkate.

"Hebu nikuulize, mwanangu," Bi Wahiba akasema. "Mwenzio Demetria kasafiri?"

"Hapana, Bi. Kwa nini?"

"Chupa yake ipo tu tangu juzi Jumapili. Haji asubuhi, haji jioni. Mie nimeona niulize."

Akafungua friji la soda kumwonyesha. Nyuma ya pakiti za mtindi lilikuwepo kopo la plastiki lililoandikwa DEMETRIA kwa kalamu ya wino mzito, na ndani yake chupa ndogo ya insulini, haijaguswa. Demetria alikuwa fundi cherehani, amepanga chumba kimoja huko nyuma ya soko la Manzese, hana friji. Kwa miaka sita alikuwa akija hapo kila kunapokucha na kila jua linapotua, anavuta dawa yake kwenye bomba la sindano, anarudisha kopo mahali pake. Bi Wahiba, ambaye ukoo wa mumewe Matar ulikuwa na duka kwenye kona ile tangu enzi za babu, hakuwahi kumdai hata asante. Alichojua ni kumgombeza akichelewa.

Tusajigwe hakuuchukua tena ule mkate. Akashika meza ya duka kwa mikono yote miwili. Siku mbili! Mtu asiyeweza kuishi bila ile dawa, siku mbili! "Mungu wangu," akasema, "nimefanya nini mimi?"

Ili umwelewe, lazima tumtazame vizuri. Tusajigwe Mwakalinga ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na saba kati ya hiyo ameimalizia kwenye maabara ya zahanati moja kando ya barabara ya Morogoro, chumba kidogo chenye darubini moja na feni inayolalamika. Wenzake humtania kwa tabia yake moja: hasomi majibu mara moja. Huisoma namba kwa sauti, hugeuza uso, huisoma tena upya, ndipo anaandika. Mgonjwa mwenye haraka atakunja uso mpaka achoke, yeye hana habari naye. Aliipata tabia hiyo kwa marehemu baba yake, mzee wa kanisa kule Rungwe, aliyewafundisha wanawe kwamba uaminifu kwa Mungu hauanzii madhabahuni, unaanzia pale ambapo hakuna mtu wa kukukagua. Jumapili Tusajigwe huwafundisha watoto wa kanisa habari za njia mbili, ya uzima na ya mauti, na jinsi Mungu alivyowaachia watu wachague. Huichora kwa chaki, njia moja huku na nyingine kule, na watoto wote hupiga kelele kwamba wao watachagua uzima. Nyumbani yuko na mumewe Revelian, mwalimu wa jiografia, Mhaya mcheshi mwenye maneno mengi na presha ya kupanda. Kila asubuhi Tusajigwe humwekea kidonge chake pembeni ya kikombe cha chai, kisha huondoka mbio.

Sasa, Jumapili ile. Kanisa lao ni lile banda kubwa la mabati ya bluu, na lilikuwa limemaliza wiki nzima ya kufunga na kuombea wagonjwa. Muda wa ushuhuda ulipofika Demetria akapita mbele, kashika kikaratasi. Ni kikaratasi ambacho Tusajigwe mwenyewe alikuwa amekiandika jana yake zahanati: sukari, tano nukta mbili. Demetria akakipunga juu, machozi yanamtoka, na watu wakapiga vigelegele.

"Na aliyepima ni nani?" Mchungaji Brightson akauliza kwa kipaza sauti. "Si dada yetu Tusajigwe? Njoo mbele, mtaalamu wetu!"

Akaenda. Akapewa kipaza sauti, akaisoma namba, na kwa mazoea yake akaisoma mara ya pili. Tano nukta mbili. Kanisa likalipuka.

"Hiyo ni sukari ya mtu mzima kabisa asiyeumwa, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, Mchungaji."

Hakuna neno alilosema pale ambalo lilikuwa la uongo. Ila ile sukari ilikuwa nzuri kwa sababu Demetria alikuwa amejichoma sindano yake asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kupimwa, kama alivyojichoma kila asubuhi kwa miaka sita. Hilo Tusajigwe alilijua kuliko mtu yeyote ndani ya banda lile. Mchungaji akakichukua kipaza sauti, akaushika mkono wa Demetria akauinua. "Kuanzia leo, sindano basi! Usimtie Mungu aibu!" Ngoma zikaanza, kinanda kikaingia, watu wakaruka.

Tusiwe na haraka ya kumtetea. Angeweza kuomba kipaza sauti tena. Alisimama pale mbele dakika mbili nzima, mkono wake begani kwa Demetria, na alichofanya ni kutabasamu. Alipenda kuitwa mtaalamu mbele ya watu mia mbili. Alipenda, tuseme ukweli. Akajiambia kwamba Demetria ana akili zake, hawezi kuacha dawa kwa neno lililosemwa kwenye ngoma, na hata hivyo atamvuta pembeni baadaye. Baadaye akajikuta na wageni. Jumatatu kazi zilikuwa nyingi.

Ndiyo maana Jumanne alitoka dukani mbio na kopo mkononi, na Bi Wahiba akatoka nyuma yake, kafunga duka saa mbili asubuhi, jambo ambalo mtaa haujawahi kuliona. Mlango wa Demetria ulikuwa umeegeshwa tu. Walimkuta chini, kando ya cherehani, anahema haraka haraka kama aliyetoka kukimbizwa, midomo imemkauka, amejitapikia. Pumzi yake ilinuka tunda lililoiva kupita kiasi. Tusajigwe akatoa kipimo kidogo anachotembea nacho kwenye mkoba, akamtoboa kidole. Mashine haikutoa namba. Ilitoa ile alama ya kusema sukari imepita uwezo wake wa kupima, na yeye, wa kusoma mara mbili, akakosa hata cha kusoma mara moja.

"Demetria! Demetria, mdogo wangu!" Hakuitika.

Bi Wahiba alikuwa ameshasimamisha bajaji. Huko hospitali daktari aliwaambia, bila kuwatazama, kwamba wangechelewa kidogo wasingekuwa na mtu wa kumleta. Tusajigwe alikaa kwenye benchi la korido, kopo bado amelipakata. Bi Wahiba alikaa naye mpaka adhuhuri. Alimshika tu goti.

Demetria alifumbua macho Alhamisi mchana. Tusajigwe alikuwepo. Alikuwa ameandaa maneno ya kumwomba msamaha, siku mbili nzima anayapanga na kuyapangua, lakini mgonjwa alimwahi.

"Mie nilijua nimepona, sista," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Si wewe ndo ulisoma?"

Hakusema kwa kulaumu. Aliuliza kama mtoto anayetaka kuhakikisha hakusikia vibaya. Tusajigwe alitoka nje, akalia kwa sauti mbele ya watu asiowajua, na hakuona haya.

Kesho yake Mchungaji Brightson alikuja kumwona mgonjwa. Usidhani alikuwa tapeli, maana angekuwa tapeli mambo yangekuwa rahisi. Wiki ile ya maombi alikuwa amefunga siku zote saba kwa ajili ya Demetria, alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Tusajigwe akamwendea kwenye korido na kumwambia kila kitu kuhusu ile namba na sindano iliyoileta. Mchungaji alisikiliza, akafuta uso kwa leso.

"Imani yake iliyumba, dada Tusa. Ndiyo maana."

"Haikuyumba, Mchungaji. Aliamini mpaka akazimia."

Mchungaji akamsogelea, akashusha sauti. "Jumapili tuna wageni, maaskofu wawili. Kuna watu wapya wamekuja kwa sababu ya ushuhuda ule. Ukisimama ukasema haya utakuwa umemkana Mungu hadharani. Wewe ni mtu mwaminifu, nakufahamu. Kuwa mwaminifu kwake."

Tusajigwe alimtazama asiamini masikio yake. Mwaminifu! Neno la baba yake, sasa anapewa alitumie kama plasta ya kuzibia mdomo. Alitamani kumpigia kelele, akashindwa, kwa kuwa Jumapili iliyopita hakuna aliyemziba. Alijiziba mwenyewe.

Jumamosi alimweleza mumewe kwamba atasema. Revelian, ambaye hanyamazi hata akiwa na mswaki mdomoni, alikaa muda mrefu bila neno, akichezea kifuniko cha kopo la kahawa.

"Na kama kuna wengine wamepona kweli?" akauliza hatimaye.

"Waje tuwapime."

"Watatutenga, mke wangu. Miaka kumi na miwili tupo pale. Watu wote tunaowajua Dar hii wapo pale."

"Najua, baba. Ila nikinyamaza tena, sijui nitawachorea watoto njia ipi." Revelian akainuka kwenda kumwagilia maua ambayo mvua ilikuwa imeyanywesha jioni ile.

Jumapili banda lilijaa mpaka nje. Revelian alikuwa mlangoni na beji yake ya mhudumu, akiwapokea wageni. Muda wa ushuhuda ulipotangazwa Tusajigwe alisimama. Mchungaji alimwona akitembea, na uso wake ukabadilika, lakini mtu hawezi kumnyima mwenzake ushuhuda mbele ya maaskofu. Akampa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Namba niliyowasomea Jumapili iliyopita ilikuwa ya kweli," akasema. "Na nimewadanganya nayo. Demetria alikuwa amejichoma sindano asubuhi ya siku niliyompima. Sindano ndiyo ilishusha sukari. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu mlikuwa mnanipigia makofi. Akaacha dawa. Jumanne tulimkuta anakufa."

Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mungu anaponya, mimi naamini hivyo. Naamini alimponya Demetria kila asubuhi kwa miaka sita, kwa chupa iliyokuwa inatunzwa kwenye friji la jirani Mwislamu. Mkitaka kunitenga, nitengeni. Lakini kabla ya hapo naomba niwaulize kitu, na mnijibu kana kwamba ni Mungu anayewauliza. Ni nani mwingine hapa ameacha dawa?"

Mmoja wa maaskofu akakohoa. Kisha bibi mmoja wa safu ya tatu, mwimbaji wa zamani, akainua mkono wenye kanga iliyoviringwa. Nyuma yake akainua kijana wa kinanda. Ukafuata wa mama mwenye mtoto mgongoni, kisha wa mzee wa kanisa aliyekaa karibu kabisa na madhabahu. Tusajigwe akaanza kuhesabu. Tisa. Akahesabu tena. Kumi na mmoja. Mikono ilikuwa bado inapanda, mingine taratibu, mingine imeinama kwenye kiwiko kama ya mwanafunzi asiye na hakika na jibu. Alikuwa amekuja kusema habari ya mtu mmoja. Mchungaji Brightson alikaa kwenye ngazi ya madhabahu, mikono kichwani, akisema, "Mungu nirehemu, Mungu nirehemu," bila kipaza sauti.

Mkono wa mwisho ulikuwa mlangoni.

Tusajigwe aliutazama, akadhani mhudumu anaelekeza wageni. Ulibaki juu. Ulikuwa na saa ambayo yeye mwenyewe aliinunua.

"Revelian?" Alisahau kwamba kipaza sauti bado kipo mdomoni, na jina la mumewe likajaa banda zima.

"Tangu Pasaka, mke wangu," Revelian akasema kutoka kule mlangoni. "Vidonge vyote vipo kwenye kopo la kahawa."

Tangu Pasaka. Miezi minne ya vikombe vya chai. Tusajigwe alikiweka kipaza sauti chini, kikapiga mlio mkali, na hakugeuka. Alishuka, akapita katikati ya watu ambao mikono yao ilikuwa bado hewani, hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Alikuwa na hasira na hofu na mapenzi vyote pamoja, na hakujua kipi kitoke kwanza. Akamshika mumewe kifundo cha mkono, akatafuta mshipa kwa vidole viwili, akaitazama ile saa na kuanza kuhesabu mapigo. Dakika ilipokwisha hakumwachia. Akahesabu tena.