Bahali ya Tuwan

Ukiingia hoteli ya Nabwile pale Tuwan, Kitale, hutapata mahali pa kukaa ukitazamana na mtu. Mabenchi yote yameelekea ukuta mmoja, na mbele ya kila benchi kuna meza nyembamba ya mbao, upana wake unatosha sahani na kikombe tu. Ukuta wenyewe umepakwa bahari. Maji ya bluu yanaanza kwenye sakafu na kupanda mpaka dirishani, na juu yake kuna ndege wawili weupe ambao wateja wengine husema ni bata. Jikoni kuko nyuma. Kwa hivyo ukikaa kula, mgongo wako ndio unamwangalia mpishi.

"Hii ni hoteli ama ni kanisa?" Kipkoech wa bodaboda aliuliza siku ya kwanza alipoingia. "Tumepangwa wote tukiangalia mbele na mhubiri hakuna."

"Mhubiri ni hivyo viazi," Nabwile akamjibu. "Kula unyamaze."

Kipkoech alikula, lakini kunyamaza hakuweza. Mpaka leo hawezi, na bado anakuja.

Nabwile alizaliwa Lugulu, upande wa Bungoma. Alipokuwa msichana alienda Kilifi kufanya kazi ya nyumba, na kazi hiyo ikamshinda kabla hajazoea joto. Alikuwa ameketi ufuoni na begi lake, hajui aende wapi, wakati mama mmoja mwenye hoteli alipomwita kutoka mlangoni. "We mwanangu, hilo begi lina nini hata walikumbatia hivyo? Njoo unywe chai." Huyo alikuwa Bi. Mwanakombo. Chai ile ilikuja na mahamri na mbaazi za nazi, na jioni Nabwile akawa anaosha vikombe. Alikaa pale miaka.

Hoteli ya Bi. Mwanakombo haikuwa kubwa. Ilikuwa ni paa la makuti na mabenchi, na mabenchi yote yaliangalia maji. Watalii waliketi hapo, na mafundi wa mashua, na walimu, na mtu aliyetoka kufiwa, bega kwa bega, kila mmoja macho yako baharini. Nabwile aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwao. Watu wasiojuana waliongea vizuri kuliko ndugu. Mmoja alisema neno akiangalia maji, mwenzake akajibu akiangalia maji, na hakuna aliyeona haya.

Alipoamua kurudi, Bi. Mwanakombo alimpa mbuzi yake mwenyewe ya kukunia nazi. Nabwile akapiga simu Lugulu kwa furaha. "Mama, nakuja nyumbani. Nimepewa na mbuzi."

Mama yake, Nelima, alikata nyasi. Akaomba kamba kwa jirani. Wakati Nabwile aliposhuka barabarani, mama alikuwa amesimama na ile kamba mkononi, na watoto wa boma wakimzunguka kuona mbuzi wa Pwani anafananaje. Nabwile akatoa kwenye gunia kigoda cha mbao chenye meno ya chuma.

"Hii ndiyo nini?" mama akauliza.

"Ndiyo mbuzi."

Nelima aliizunguka ile mbuzi pole pole, akaitazama mbele, akaitazama nyuma. "Sasa hii itazaa?"

Lugulu yote ilicheka mpaka mwaka ukaisha. Wengine walimwita Nabwile mwenye mbuzi ya mbao, na yeye alicheka nao, lakini ile mbuzi hakuitupa.

Baadaye aliolewa na Wekoye, fundi wa baiskeli, wakahamia Kitale. Wekoye alianza kwa kumsaidia kukuna nazi jioni, akapenda kukuna, akapenda kupika, mwisho baiskeli akaziacha. Nazi huwa zinaletwa na basi kutoka Mombasa. Samaki ni wa ziwani, viazi ni vya huku huku mlimani. Chumba walikodi kwa Mzee Joginder, ambaye ana duka la rangi na misumari mlango wa pili. Nabwile alipomweleza kuhusu bahari, Joginder alifikiri kidogo, akaingia stoo, akatoka na makopo ya bluu yaliyokuwa yamekaa bila mnunuzi. "Kitale watu nataka krimu na kijani," akasema. "Hii bluu nangoja wewe tu." Nabwile hajasahau. Mpaka leo chai ya Joginder ya saa nne humpelekea mwenyewe, haitumi.

Aliyechora ni Wakoli, fundi kutoka Chwele. Alichora bahari ambayo hajawahi kuiona, kwa kusimuliwa, na kusema kweli hakukosea sana. Shida ilikuwa kibao cha nje. Alimwuliza Nabwile jina, Nabwile akamwambia, naye akaandika kwa herufi kubwa nyekundu vile anavyotamka yeye: HOTELI YA BAHALI.

"Bahali ni nini?" Kipkoech akauliza, akiwa juu ya pikipiki.

"Si ni maji mengi," Wakoli akasema, bado na brashi mkononi.

"Na kalibu ni nini? Mbona hujaandika kalibu?"

"Hakunilipa ya kalibu."

Kipkoech nusura aanguke na pikipiki. Wakoli hakuona kinachochekesha. Nabwile alisema kitarekebishwa.

Sasa, kulikuwa na jambo moja lililomkaa Nabwile moyoni, na hakuna mteja aliyelijua. Mama yake hajawahi kula pale.

Si kwamba hakuja Kitale. Alikuwa anakuja kuuza kuku, na kila mara alipita. Lakini kwao mama mkwe na mkwe hawali pamoja. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na mama haingii tu nyumbani kwa aliyemwoa binti yake akakaa kula. Hiyo ni heshima, si chuki. Nelima alimpenda Wekoye, alimsifu kwa majirani, alimwombea. Ila alipofika Tuwan aliketi kwenye stuli nje ya duka la Joginder, na Nabwile akamletea chai huko. Chai alikunywa, kwa sababu Nabwile ndiye aliyeipika. Chakula hapana, kwa kuwa mpishi ni mkwe. Alifungua leso yake akala viazi vitamu alivyovichemsha Lugulu, huku harufu ya samaki wa nazi ikimpita puani.

Kila mtu wa Kitale alikuwa amekula mkono wa Nabwile isipokuwa aliyemfundisha kushika mwiko.

Halafu macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, daktari akasema. Alipasuliwa hospitali ya pale pale Lugulu, na siku bandeji ilipotolewa alipiga simu asubuhi mapema.

"Naona mpaka ukucha wa kuku," akasema. "Nakuja Jumanne. Nataka kuona hiyo bahali yako kabla macho hayajabadilisha mawazo."

Nabwile alikata simu akabaki ameishika. Wekoye alikuwa anapanga makaa.

"Mimi nitaenda stage ya matatu," Wekoye akasema. "Nikae huko mpaka amalize kula. Nikipigiwa narudi."

"Na samaki nani atapika?"

"Wewe si unajua?"

"Najua. Lakini wako ndio mzuri." Ilikuwa kweli, na ilimuuma kidogo kuisema. "Nataka ale chakula cha hapa. Chakula cha hapa ni chako na changu. Ukienda stage atakuwa amekula nusu."

Wekoye aliendelea kupanga makaa, ila aliyapanga vizuri kuliko siku zote.

Jumanne Nelima alifika akiwa na kuku mmoja na miwani nyeusi ya hospitali. Aliketi kwenye stuli yake kwa Joginder kama kawaida. Akaivua miwani. Akaangalia kile kibao, akakisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno.

"Ho-te-li ya ba-ha-li." Akageuka. "Si ulisema imekosewa? Imekosewa wapi?"

Kipkoech, aliyekuwa anakunywa maji mlangoni, alitema nusu yake. "Mama, hapo hakuna kosa. Hapo ni sawa kabisa."

"Wewe kijana unacheka nini?"

"Nafurahi tu, mama. Nafurahi kwa sababu unaona."

Nelima alisogea mpaka mlangoni, hakuvuka. Akaiangalia ile bluu yote. Macho yake yalipanda taratibu kutoka sakafuni, hata Nabwile akaogopa kwamba haimpendezi. Ndani kulikuwa na wateja wachache. Mwanamke mmoja mwenye kilemba alikuwa ameketi karibu na mzee, wanakula, wanaongea kidogo, na hakuna aliyemgeukia mwenzake.

"Hawa watu hawatazamanangi?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Wanaangalia bahari."

"Na yeye yuko wapi?"

Hakusema jina. Nabwile alijua ni nani. "Yuko jikoni. Nyuma."

"Nyuma ya hawa wanaokula."

"Eeh."

"Kwa hivyo hawamwoni."

"Hawamwoni, na yeye anaona migongo tu."

Nelima alifikiri. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. "Nikiingia hapo," akasema, "naingia kama nani?"

"Kama mama yangu," Nabwile akasema haraka.

"Basi siwezi."

Akarudi kwenye stuli. Akaanza kufungua leso, na viazi vitamu vikaonekana. Nabwile alibaki mlangoni, mikono imeanguka. Aliona kwamba amekosea, ila hakuona ni wapi.

Joginder alikuwa anapanga misumari, masikio yako nje. "Mama," akasema, "mimi nasema kitu? Mama ya bibi yangu, mama mkwe, Dayawanti, yeye nakuja hapa dukani kununua rangi. Mimi nasema, mama, chukua tu. Yeye nakasirika. Yeye nasema, Joginder, leo mimi si mama yako, mimi ni mteja, lete risiti. Na kama rangi ni mbaya, narudisha na kelele."

"Alirudisha?"

"Mara mbili."

Nelima alicheka hadi bega likatikisika. Akafunga leso tena, fundo kwa fundo. Akasimama, akajipangusa sketi, akamwendea binti yake kama mtu asiyemjua.

"Habari yako," akasema.

Nabwile alimtazama. Kisha akaelewa. "Nzuri sana. Karibu, mteja."

"Kuna nini ya kukula?"

"Kuna viazi vya karai. Kuna mahamri na mbaazi. Kuna wali wa nazi na samaki wa kupaka."

"Lete huyo samaki. Na mimi nitaripa, usiniletee mambo ya bure."

Alivuka mlango akiwa ameinamisha kichwa, akaketi benchi la mbele kabisa, bahari imejaa machoni. Jikoni mwiko ulianguka. Wekoye aliuokota, akauosha, akamgeuza samaki juu ya makaa na kumpaka mchuzi wa nazi, na tena, na tena, kama hajawahi kumpikia mtu mwingine. Sahani ilipokuwa tayari hakuileta. Aliiweka kwenye dirisha la jikoni, akarudi nyuma hatua, Nabwile akaichukua.

Nelima alikula kwa mkono, bila haraka. Alikula nyama ya shavu, akafyonza mifupa, akasafisha mchuzi kwa tonge la mwisho. Hata Kipkoech hakusema kitu. Alipomaliza alinawa, akauangalia ukuta, na akauongelesha.

"Ile mbuzi," akaiambia bahari, "kumbe ilizaa."

Nabwile alishika meza.

"Na huyo aliyepika," Nelima akaendelea, macho kwa ndege wale weupe, "sijui ni nani, mimi ni mteja tu. Lakini aambiwe asante. Si ya samaki peke yake. Mtoto wangu alienda mbali nikamlilia, na sasa ananenepa. Aambiwe nimeona. Macho yangu ni mapya."

Kisha sauti ya Wekoye ikatoka nyuma, naye alikuwa ameelekea makaa yake, mgongo kwa watu wote. "Huyo mteja aambiwe asante pia. Kwa kunipa mtu wa kukuna naye nazi."

Hawakutazamana. Kulikuwa na migongo miwili na chumba katikati, na katikati ya chumba Nabwile, akilia bila sauti na sahani tupu mkononi. Aliporudisha sahani jikoni alitoa simu, akapiga picha kutoka huko, amtumie Bi. Mwanakombo kule Kilifi. Katika picha ile kuna bahari ya Wakoli, na mgongo wa mama, na ukiangalia vizuri kwenye pembe kuna kiwiko cha Wekoye. Ndiyo picha pekee ambamo hao wawili wako pamoja.

Nelima alifungua fundo la leso, akatoa noti, akainyoosha. Nabwile alirudi nyuma.

"Mama, tafadhali."

"Nani mama?"

"Pokea," Wekoye akasema polepole kutoka dirishani. "Usipopokea hatakuja tena."

Nabwile akaipokea, akaikunja, akaiweka kifuani na si kwenye kopo la kaunta, akajifuta macho kwa aproni. Aligeuka kukusanya vikombe. Alipogeuka tena, mama yake alikuwa bado ameketi pale pale, macho kwenye maji, kiganja kimefunguliwa juu ya meza.

"Kuna kitu umesahau, mama?"

"Chenji," Nelima akasema. "Mteja anapewanga chenji."