Maombi ya Kumwanika Mtoto

Tulikuwa wazazi wawili tuliojitolea kusaidia Gredi ya Tatu katika shule ya watoto wetu, Ruiru. Kila Ijumaa asubuhi tuliketi nyuma ya darasa, kila mmoja na mtoto wake wa kumsikiliza akisoma. Siku ya kwanza mwalimu hakutupa mahubiri. "Wamama," alisema, "yenye mtaona hapa yabaki hapa. Hata kwa mzazi wa mtoto, niachieni mimi." Tuliitikia sote wawili, na mwenzangu aliitikia kwa sauti kunishinda.

Nilipewa msichana anayeishi na nyanya yake, aliyemwita Shosho, mtaa wa Kiuu. Uwanjani alikuwa moto, lakini kitabu kikifunguliwa anakuwa mtu mwingine. Hakujua kusoma. Akimsikia mwenzake akisoma ukurasa mara moja, alikuwa akiurudia wote kwa moyo, kidole kikitembea chini ya maneno asiyoyajua. Nilipomfungulia ukurasa mgeni, kidole kikasimama. Kisha akaninong'oneza, "Usiambie mtu. Shosho anajua mi husoma vizuri."

Nikamwambia sitasema. Tukaanza na silabi, polepole, hadi Ijumaa moja akasoma sentensi nzima ambayo hakuwahi kuisikia. Alicheka mpaka darasa likageuka kutuangalia. Mwenzangu, benchi la pili, alikuwa ameyasikia yote tangu mwanzo.

Kina mama wa kanisa letu huomba nyumba kwa nyumba, na zamu ikafika kwa nyanya wa yule msichana. Msichana mwenyewe alikuwa akizungusha chai. Mwenzangu akaomba nafasi.

"Niko na ombi moja," akasema, macho ameshayafumba. "Kuna mtoto wa nyumba hii, ako Gredi ya Tatu na hajui kusoma hata neno moja. Tumshike kwa maombi, hiyo roho ya uzito imtoke."

Nilisema, "Ngoja kwanza!" Lakini nani husikika chumba kizima kikiomba kwa sauti? Walimzunguka wakamwekea mikono kichwani, sinia ya vikombe bado ameishika. Nyanya yake alikuwa amekaa tu, mdomo wazi. Mtoto hakumwangalia aliyesema. Aliniangalia mimi.

Nilimfuata mwenzangu hadi nje. "Umefanya nini?"

"Kwani nimekosea wapi, mama? Si ni kuomba tu?"

"Ulimsikia mwalimu."

"Mambo ya Mungu si ya mwalimu."

Ngai! Mungu alikuwa darasani tangu Ijumaa ya kwanza, hakuhitaji kupelekewa habari sebuleni kwa watu. Mimi nililelewa Makongeni, Thika, kwenye vyumba vilivyobanana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole kupitia ukutani. Tulisikia kila kitu. Lakini mama zetu walijua kusikia na kunyamaza. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, sawa, ila kata haitoki kuzunguka mtaani ikitangaza. Huyu mama angemwanika mtoto wake hivyo? Wake pia ana yake. Nayajua, maana nami huketi darasa hilo hilo, na hutayasikia kwangu.

Asubuhi iliyofuata, lango la shule lilipofunguliwa tu, nilimweleza mwalimu. Alimwita mwenzangu, akamshukuru kwa msaada wake darasani, akamwomba asirudi. Sasa anaambia watu nilimfukuza kwa sababu anapenda maombi. Na aseme. Kilichoniuma ni kile kibenchi cha nyuma, kwa sababu Ijumaa hiyo mtoto hakuja kuketi nami. Aliomba abaki na wenzake mbele, na kitabu kilipomfikia aliutazama ukurasa tu, hata kukariri hakujaribu.

Ijumaa iliyofuata alikuja bila kuitwa. Akaketi mwisho kabisa wa benchi, kitabu amekikumbatia kifuani.

"Ni wewe ulimwambia yule mama?"

"Si mimi."

"Sasa alijuaje?"

Jibu lilinijia mpaka ncha ya ulimi. Nikalimeza, kwa kuwa hata hilo lilikuwa la darasani. "Si mimi," nikarudia. Aliniangalia akipima kama naaminika. Kisha akakifungua kitabu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, lakini hakulisoma.

"Nitasoma," akasema. "Lakini usiniombee."

Nimeokoka tangu ujana wangu, na sikuwahi kudhani ningemwahidi mtoto jambo kama hilo. Nilimwahidi.